Asilimia ya Nini?

Kwa miaka 32 nimesimama mbele ya ubao nikifundisha hisabati, na kuna swali moja ambalo wanafunzi wangu wamechoka kulisikia. Mtoto akisema "asilimia 20," namuuliza: ya nini? Akinyamaza, hapati alama. Asilimia ikiwa peke yake ni sawa na kusema "nusu" bila kutaja nusu ya kitu gani. Nimelirudia swali hilo mpaka darasa zima huitikia "ya nini!" kabla sijafungua mdomo.

Nje ya darasa sikuliuliza. Nikikaa leo na daftari langu nikatazama fedha zilizonipotea tangu nianze kazi, nyingi zilipenya kwenye tundu hilohilo. Mganga hajigangi.

Humu nitahesabu kwa mishahara badala ya sarafu. Fedha ya mwaka nilioajiriwa na ya leo zinafanana jina tu, kwa hiyo nikitaja kiasi nitawachanganya. Lakini mshahara wa mwezi mmoja kila mtu anaujua uzito wake.

Nikiwa na miaka 28 nilikopa mishahara kumi ninunue gari lililokwisha kutumika. Afisa mikopo alikuwa kijana mchangamfu. "Mwalimu, riba yetu ni asilimia 12 tu kwa mwaka, na unalipa kwa miaka mitatu." Nikaona nimepata. Nilipouliza makato ya kila mwezi akaniambia, nikatazama kama yataniachia cha kula, nikasaini.

Asilimia 12 ya nini? Ya mishahara yote kumi, kila mwaka, mpaka siku ya mwisho. Hata mwaka wa tatu, deni lilipokuwa limebaki kiduchu, riba ilikuwa bado inapigwa juu ya kumi. Kwa hiyo riba peke yake ilifika mishahara 3.6, na nikarudisha jumla ya 13.6, kila mwezi zaidi ya theluthi ya mshahara ikikatwa kabla sijaigusa. Kama asilimia ileile 12 ingepigwa juu ya deni lililobaki tu, riba yote isingefika mishahara miwili. Ukiugeuza mkopo ule uwe wa riba inayopungua pamoja na deni, ili ukugharimu kama ulivyonigharimu mimi, riba yake ingebidi iandikwe karibu asilimia 21. Na sijagusa ada ya kuandaa mkopo na bima, ambazo zilikatwa mwanzoni kabisa. Sikupokea hata hiyo mishahara kumi kamili, ila riba nililipa ya kumi.

Nililigundua hilo miaka mingi baadaye nikiwa natunga mtihani. Nilikuwa natafuta swali la riba, nikauchukua mkopo wangu mwenyewe kama mfano. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alilimaliza kwa muda mfupi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, lakini nani angekubali mkopo kama huu?" Nikamwambia akae chini, muda bado.

Siku hizi nikikopa siulizi riba ni asilimia ngapi. Nauliza mambo mawili na nataka yaandikwe: fedha ninazopokea mkononi ni ngapi, na jumla ninayorudisha mpaka tarehe ya mwisho ni ngapi. Nauliza pia nikimaliza mapema nasamehewa nini. Majibu ya hilo la mwisho yanachekesha, maana kuna wanaokuambia hupunguziwi kitu, na wanakuambia wakitabasamu.

Baada ya deni kwisha nilikuwa mwoga. Nikajiwekea mishahara sita kwenye akaunti ya akiba kwa ajili ya dharura, nikaisahau kwa makusudi. Riba yake ilikuwa asilimia 2 kwa mwaka. Kwa miaka kumi na miwili bei za vitu zilipanda kwa wastani wa kama asilimia 6. Kuna hesabu ya mkato inayosaidia hapa: gawanya 72 kwa kasi ya kupanda, unapata miaka ya kitu kuongezeka mara mbili. Ni ya zamani. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Kiitaliano, aliitaja kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. 72 kwa 6 ni 12. Yaani katika miaka ile bei ziliongezeka mara mbili, na akiba yangu iliongezeka kwa robo na ushee. Nilipoifungua, mishahara yangu sita ilinunua vitu vya mishahara 3.8 ya wakati nilipoiweka. Taarifa ya benki ilionyesha nimepata faida, na kweli nilikuwa nimepata: asilimia 2 ya sarafu. Ya vitu sikupata.

Nisieleweke vibaya. Fedha ya dharura lazima ikae karibu, mahali unapoweza kuichukua kesho asubuhi, na gharama yake ndiyo hiyo. Mume wangu alipokaa miezi saba bila kazi, ni akiba ya namna hiyo iliyolipa ada za watoto bila sisi kurudi kwa yule kijana mchangamfu. Kosa langu lilikuwa kuweka kila kitu huko, hata fedha ambayo nisingeihitaji kwa miaka ishirini. Sasa naweka pale matumizi ya miezi mitano. Nimesema matumizi, si mshahara. Ziada ya hapo inatoka.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona aibu mpaka leo.

Nilikuwa na miaka 34. Mwenzangu kazini alijiunga na "kikundi cha uwekezaji" kilicholipa asilimia 20 kwa mwezi. Niliona kwa macho yangu akilipwa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walisema wanafanya biashara ya fedha za kigeni, na kwamba mfumo wao ni siri ya kibiashara. Nikaingiza mishahara minne. Nikalipwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nikalipwa tena. Ndipo nikampigia simu mdogo wangu.

Alisita. Yeye ana biashara ndogo, anaijua fedha kwa jasho. Akaniuliza faida yote hiyo inatoka wapi, nikamweleza kama nilivyoelezwa, yaani sikumweleza kitu. Mwishowe akasema, "Dada, wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Kama umeingia wewe, mimi ni nani nikatae?" Akaweka mtaji wake karibu wote.

Miezi miwili baadaye simu zao zilikuwa hazipokelewi, na ofisi imefungwa.

Hesabu ambayo sikuifanya inatosha nyuma ya bahasha. Asilimia 20 kwa mwezi, faida ikiachwa izae, kwa mwaka mmoja inaufanya mshahara mmoja kuwa karibu tisa. Kwa miaka miwili unakuwa kama 79. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo hahitaji mishahara minne ya mwalimu. Angekopa kidogo benki, angengoja miaka michache, angeinunua benki yenyewe. Charles Ponzi, ambaye ulaghai huu umebeba jina lake, aliwaahidi watu wa Boston asilimia 50 kwa siku 45 mwaka 1920, akisema ananunua kuponi za posta nje na kuzikomboa Marekani kwa bei kubwa. Kuponi zilikuwepo kweli, lakini waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliofuata, na Agosti ya mwaka huohuo yote yakaporomoka. Asilimia 20 yangu ilikuwa ya nini? Ya mtaji wa mdogo wangu. Alilipwa mtu mwingine kwa fedha yake, kama mimi nilivyolipwa kwa fedha za mtu nisiyemjua, na nikazila.

Nilimrudishia mdogo wangu kidogo kidogo kwa miaka minne. Hakunidai hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kudaiwa. Hadi leo akitaka ushauri wa fedha anamwuliza mume wangu.

Ukiungua kwa maziwa, mtindi unaupuliza. Kwa hiyo nilipoanza uwekezaji wa kweli, nikiwa na miaka 36, nilichagua mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaosimamiwa na watu wenye leseni, wenye ofisi na ripoti za kila mwaka. Huko hakuna aliyeniibia. Ila kulikuwa na ada ya usimamizi ya asilimia 2. Unasikia asilimia 2 unaona ni chenji. Nilidhani ni asilimia 2 ya faida, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa sababu sikuuliza. Ilikuwa ya mali yote, kila mwaka, mwaka wa faida na mwaka wa hasara.

Siku moja nikaigeuza kuwa swali la darasani. Tuseme soko linakua kwa asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 30. Mshahara mmoja unakuwa kumi. Ukiondoa ada, unabaki na ukuaji wa kama asilimia 6, na mshahara huohuo unakuwa 5.7. Mwenye fedha alihatarisha mshahara wake miaka 30, na zaidi ya mishahara minne kati ya kumi haikumfikia. Asilimia 2 ya kila mwaka imekula asilimia 43 ya mwisho.

Nilipoanza kuulizia nafuu ndipo nikakutana na habari za John Bogle, mwanzilishi wa Vanguard, kampuni ya Marekani ya mifuko ya uwekezaji. Mwaka 1976 aliwafungulia watu wa kawaida mfuko ambao hauna mtaalamu wa kuchagua hisa; unanunua tu hisa za makampuni yote yaliyomo kwenye faharasa, yaani orodha ya kupimia soko, ya makampuni makubwa kama 500 ya Marekani iitwayo S&P 500 na kukaa nazo, ndiyo maana gharama zake ni ndogo. Walitarajia kukusanya dola milioni 150, wakapata kama milioni 11. Wenzake sokoni wakauita upuuzi wa Bogle. Leo mifuko ya aina hiyo inauzwa dunia nzima. Nilihamia kwenye mfuko wa faharasa ambao ada yake ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Sikuwa na akili kuliko wasimamizi wa mfuko wa kwanza. Niliona tu kwamba kesho ya soko siijui, ila ada ya kesho naijua leo.

Kununua ni rahisi, kutulia ndiyo kazi. Mwaka 2020, kati ya Februari 19 na Machi 23, S&P 500 ilianguka kwa asilimia 34 hivi. Mfuko wangu ulikwenda nayo. Usiku nilikuwa naamka kutazama simu. Nikauza nusu ya vipande vyangu, yaani sehemu zangu za mfuko, nikiwa nimekwisha kupoteza karibu theluthi ya thamani yake, na nilipouza nilipata usingizi mzuri sana, nakiri. Agosti faharasa ikavuka kilele chake cha Februari. Nilirudi Septemba, bei ikiwa ileile ya kabla ya anguko. Fedha niliyotoa kwa vipande mia moja ikaninunulia vipande 69.

Kitu kikishuka kwa asilimia 34 hakirudi mahali pake kwa kupanda asilimia 34. Mia ikibaki 66, inahitaji kupanda kama asilimia 52, kwa sababu sasa ni asilimia ya 66. Nimefundisha hilo kila mwaka. Nilikuwa nalijua vizuri kabisa usiku ule nilipobonyeza kitufe cha kuuza. Kwa hiyo mtu akiniambia elimu ya fedha inatosha, nanyamaza. Kilichonisaidia tangu hapo si elimu, ni kanuni ya nyumbani: sehemu ya hisa haiguswi mpaka mimi na mume wangu tuandike sababu kwenye karatasi na kulala nayo siku saba. Tumeandika mara mbili. Zote mbili tulipoisoma tena tuliichana.

Wako watakaosema soko hurudi daima, tulia tu. Wawaulize waliokuwa na hisa za Japani. Faharasa ya Nikkei ilifunga mwaka 1989 ikiwa 38,915, na haikukivuka kiwango hicho mpaka Februari 2024. Mfanyakazi aliyeanza kununua siku ile angeweza kustaafu kabla ya kuiona bei yake tena, ingawa gawio angelipokea njiani. Ndiyo maana sikuweka vyote kwenye nchi moja, na ndiyo maana tangu nilipofika miaka 50 nimekuwa nikihamisha kidogo kila mwaka kwenda kwenye hati fungani za serikali za muda mfupi, yaani kuikopesha serikali kwa riba.

Kustaafu kwenyewe nilikuwa nakuona kama mvua ya mbali. Kilichoniamsha ni mwenzangu mmoja, mwalimu wa jiografia, aliyestaafu kabla yangu. Kwa miaka alituambia atapata pensheni ya nusu ya mshahara. Ya nini? Mfuko wetu wa pensheni hukokotoa kwa mshahara wa msingi. Posho hazikatwi michango, na posho zilikuwa theluthi ya alichozoea kupokea. Nusu ya theluthi mbili ni theluthi moja. Alikuja chumba cha walimu na barua yake ya mafao, akaiweka mezani, akasema hesabu zimekosewa. Nilizipitia mara tatu. Zilikuwa sahihi. Sikupata neno la kumwambia, nikamchemshia chai.

Jioni ile nilifanya zangu. Nilianza na matumizi, kwa sababu mshahara ukiisha kinachobaki ni matumizi. Watoto wamejitegemea, tunahitaji kama mishahara saba kwa mwaka. Pensheni ya theluthi inatoa minne. Pengo ni mitatu kwa mwaka, na mume wangu hana pensheni.

Sasa pengo la mishahara mitatu kwa mwaka linahitaji fungu la ukubwa gani? William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, alipiga hesabu hiyo mwaka 1994 akitumia kumbukumbu za hisa na hati fungani za kwao tangu 1926. Aliona kwamba mstaafu aliyechukua asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hichohicho kulingana na mfumuko wa bei, hakuishiwa kwa angalau miaka 30, hata aliyestaafu wakati mbaya kabisa. Asilimia 4 ya fungu la siku ya kwanza, si ya salio la kila mwaka, wengi huchanganya. Maana yake unahitaji mara 25 ya pengo lako. Ni historia ya nchi moja, iliyokuwa na bahati sana karne ile, kwa hiyo naichukua kama mahali pa kuanzia tu. Mitatu mara 25 ni mishahara 75.

Nilikuwa na 38.

Nikajitesa kwa hesabu moja zaidi. Kama tangu nilipoajiriwa na miaka 25 ningeweka mshahara mmoja tu kila mwaka, ukikua kwa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, ningefika miaka 60 nikiwa na karibu 74. Pengo lote lingezibika. Anayeanza na miaka 35 kwa mwendo uleule anafika na kama 42. Miaka kumi ya mwanzo, mishahara kumi tu, ndiyo inayobeba tofauti ya 32. Miaka yangu kumi ilikwenda kwenye gari ambalo lilikufa kabla sijamaliza kulilipia.

Mpango wetu wa sasa hauna ufundi. Nimebakiza miaka mitatu kazini. Tunaweka mishahara mitatu kila mwaka, ya kwangu na ya biashara ya mume wangu, na mambo yakienda vizuri tutafika kama 52. Hiyo itatoa mishahara miwili kwa mwaka. Mmoja uliobaki nitaupata kwa kufundisha masomo ya ziada mara mbili kwa wiki, mradi miguu iwe inasimama. Gari tulilokuja kulipata baadaye tumeliuza. Kiinua mgongo hakitanunua basi wala nyumba ya kupangisha, ingawa kila ndugu anayesikia nakaribia kustaafu ana wazo la biashara mkononi.

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kukagua, nacho ni taarifa ya michango yangu ya pensheni. Nilikwenda kuichapisha mwaka jana ili niambatanishe kwenye jalada langu, nikaketi kwenye benchi na kalamu nikahesabu miezi moja moja kama ninavyosahihisha madaftari. Mwajiri wangu wa kwanza, ambako nilikaa miaka sita, alinikata mchango kila mwezi. Kwa miezi kumi na moja haukufika kwenye mfuko. Bahati ni kwamba situpi karatasi: hati zangu za mshahara za miaka ile zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda, zimeliwa pembeni na mende, ila tarakimu zinasomeka.

Nimekwenda mara tano sasa. Miezi saba wamekwisha kuiingiza. Ule wa nane afisa aliutilia shaka kwa sababu muhuri umefifia, akaniambia mchango wenyewe ni mdogo, ni asilimia chache tu, haina haja ya kujisumbua. Nikamwuliza, ya nini? Akanitazama kidogo, akavuta kiti. Jumatatu narudi na nakala za minne iliyobaki.